Upandikizaji mimba: Usiuze ng'ombe kununua nyongeza

GHARAMA ya kutafuta mtoto kwa msaada wa maabara imeingia katika orodha ya mambo yanayokula mtaji wa familia, pamoja na ada za shule na ugonjwa wa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu ugumba, Novemba 2025, lilieleza kuwa katika baadhi ya maeneo mzunguko mmoja tu wa upandikizaji mimba unaweza kugharimu mara mbili ya kipato cha wastani cha kaya kwa mwaka mzima.

Kwa mkulima au mwenye duka, fedha ya kiasi hicho haikai mfukoni ikisubiri. Hutoka kwenye kiwanja kilichouzwa, ng'ombe wa maziwa waliopelekwa mnadani, mkopo wa SACCOS au bidhaa ambazo hazikurudishwa rafuni baada ya kuuzwa. Ndiyo maana suala hili, ambalo kwa kawaida huachiwa madaktari, linastahili kutazamwa pia kwa jicho la biashara. Mteja analipia nini hasa? Na kati ya yote anayolipia, ni lipi linaloongeza kweli uwezekano wa mimba kushika?

Wahitaji si wachache. Kwa mujibu wa takwimu za WHO za Aprili 2023, takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani, sawa na asilimia 17.5, hukumbwa na tatizo la kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Mtoto wa kwanza aliyetokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978. Afrika Mashariki watoto wa aina hiyo walianza kuzaliwa Kampala mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006, na sasa kliniki za huduma hiyo zipo pia Dar es Salaam.

Hata hivyo, pamoja na huduma yenyewe limekua soko la pili, nalo ni soko la nyongeza. Hizi ni dawa, vipimo na taratibu ambazo mteja huambiwa kuwa zitasaidia kiinitete kujishika kwenye mfuko wa uzazi. Kila nyongeza ina bei yake juu ya gharama ya kawaida, na nyingi huuzwa kwa watu waliokwisha kushindwa mara moja au mbili, yaani wakati ambao mtu hana nguvu ya kukataa jambo lolote.

Mbegu au udongo?

Matibabu yenyewe huenda kwa hatua. Mwanamke hupewa homoni ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja badala ya moja. Mayai hayo huvunwa kwa sindano, hukutanishwa na mbegu za mume kwenye maabara, na viinitete vinavyopatikana hulelewa humo kwa siku tatu hadi tano au sita. Kisha kimoja, na wakati mwingine viwili, huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi kwa mrija mwembamba. Vilivyobaki na vilivyo imara hugandishwa kwa baridi kali kwa matumizi ya baadaye.

Hadi hapo mtaalamu anaona kila kitu kwa hadubini. Kinachofuata hakuna anayekiona. Kiinitete kinatakiwa kitoke kwenye ganda lake, kigusane na ukuta wa mfuko wa uzazi, kisha kijichimbie ndani yake. Hapo ndipo safari nyingi hukatika. Takwimu za mamlaka ya Uingereza inayosimamia huduma hizi, HFEA, zinaonyesha kuwa mwaka 2022, kwa wanawake wa miaka 18 hadi 34 waliotumia mayai yao wenyewe, takriban asilimia 35 tu ya viinitete vilivyopandikizwa ndivyo vilivyofikia kuzaliwa mtoto. Kwa wenye miaka 40 hadi 42 ilikuwa takriban asilimia 10.

Mfugaji aliyewahi kushiriki uhawilishaji wa viinitete vya ng'ombe anaielewa hali hii bila maelezo marefu. Kiinitete cha siku saba huwekwa kwa mtamba ambaye naye ametimiza takriban siku saba tangu joto. Mtamba akiwa mbele au nyuma kwa zaidi ya siku moja hivi, uwezekano wa mimba hushuka. Kwa binadamu nako ukuta wa mfuko wa uzazi huwa tayari kupokea kwa siku chache tu za kila mzunguko, na homoni iitwayo projesteroni ndiyo inayoufanya uwe tayari. Ndiyo sababu projesteroni si nyongeza, bali ni sehemu ya kawaida ya matibabu, na anayepandikizwa hatakiwi kuiacha bila kuambiwa na daktari wake.

Swali linalobaki ni lile ambalo mkulima hujiuliza mahindi yasipoota: kosa ni la mbegu au la udongo? Katika upandikizaji mimba jibu, mara nyingi, ni mbegu. Viinitete vingi vinavyoshindwa kujishika, au vinavyoshika na kuharibika wiki za mwanzo, vina hitilafu katika kromosomu, yaani vibebea urithi. Chanzo kikubwa cha hitilafu hizo ni umri wa yai. Kadiri umri wa mwanamke unavyosogea, hasa baada ya miaka 35, ndivyo mayai yenye hitilafu yanavyoongezeka.

Ushahidi wa jambo hili unaonekana pale yai linapotoka kwa mtu mwingine. Mwanamke mwenye umri mkubwa anayepokea yai la msichana huwa na uwezekano wa mimba unaofuata umri wa yai kuliko umri wake mwenyewe. Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua pacha mjini Kampala baada ya kutumia yai la mfadhili. Tukio hilo si la kuigwa, kwa kuwa mimba ya umri huo huhatarisha maisha ya mama na watoto. Lakini linaonyesha kuwa mfuko wa uzazi, ukisaidiwa na homoni, unaweza kupokea kiinitete kizuri hata miaka mingi baada ya mayai ya mwenyewe kwisha.

Pamoja na hayo, soko la nyongeza kwa sehemu kubwa huuza dawa za udongo.

Nyongeza zilipopimwa

Katika miaka ya hivi karibuni watafiti wamezipima kadhaa kati ya nyongeza hizo kwa njia ambayo mkulima wa shamba darasa anaifahamu. Wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, kundi moja likapewa nyongeza, la pili halikupewa, kisha watoto waliozaliwa wakahesabiwa pande zote mbili.

Ya kwanza ni kukwaruza ukuta wa mfuko wa uzazi kwa kifaa chembamba kabla ya kupandikiza. Hoja ya wauzaji ilikuwa kwamba jeraha dogo huuamsha ukuta na kuufanya upokee vizuri zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ukihusisha wanawake 1,364 katika nchi tano, zikiwamo New Zealand na Uingereza, ulikuta kuwa waliokwaruzwa waliojifungua walikuwa asilimia 26.1. Ambao hawakukwaruzwa nao walikuwa asilimia 26.1. Tofauti pekee ilikuwa maumivu na gharama.

Ya pili ni kipimo cha kutafuta siku halisi ambayo ukuta wa kila mwanamke uko tayari. Kipande kidogo cha ukuta hukatwa, hupimwa maabara, na siku ya kupandikiza husogezwa kufuatana na majibu. Wazo hilo linavutia, kwa kuwa siku za kupokea kweli ni chache. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, wenye washiriki 767, ulionyesha kuwa waliopandikizwa kwa kufuata kipimo waliojifungua walikuwa asilimia 58.5, na waliopandikizwa kwa ratiba ya kawaida walikuwa asilimia 61.9. Kipimo hakikuongeza watoto.

Ya tatu ni dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, kwa maelezo kwamba kinga ya mama hukishambulia kiinitete kama adui. Nchini China wanawake 715 waliokwisha kushindwa mara mbili au zaidi walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023. Waliopewa dawa ya predinisoni waliojifungua walikuwa asilimia 37.8, na waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 38.8. Aidha, waliojifungua kabla ya wakati walikuwa wengi zaidi upande wa waliotumia dawa.

Ya nne inagusa mbegu yenyewe, nayo ni kupima kromosomu za viinitete ili kuchagua kilicho kizima. Hapa hesabu ina pande mbili. Utafiti mwingine wa China, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37 waliokuwa na viinitete vizuri vitatu au zaidi, ulikuta kuwa waliopimiwa waliofikia kujifungua walikuwa asilimia 77.2, na wasiopimiwa asilimia 81.8. Hata hivyo, mimba zilizoharibika zilipungua kwa waliopimiwa. Maana yake ni kwamba kipimo hakitengenezi kiinitete kizuri. Kinachofanya ni kuchambua vilivyopo. Mwenye viinitete vingi, hasa mwenye umri mkubwa, kinaweza kumwokoa na mimba zisizofika na kumpunguzia muda. Mwenye kiinitete kimoja au viwili hana cha kuchambua.

Zipo nyingine. Dripu ya mafuta inayodaiwa kutuliza kinga, aspirini kwa kila mgonjwa na sindano za kuzuia damu kuganda kwa wasio na ugonjwa wa kuganda damu, zote hazijathibitishwa kuongeza watoto wanaozaliwa. Sindano hizo zina nafasi yake kwa mwenye tatizo la damu lililothibitishwa na vipimo, lakini si kwa kila anayepita mlangoni.

Iliyo na ushahidi wa kiasi ni moja. Kimiminika chenye hayaluroni, ambacho kiinitete huwekwa ndani yake wakati wa kupandikizwa, kimeonekana katika mapitio ya tafiti nyingi kuongeza kidogo uwezekano wa kujifungua. Ni nyongeza ya maabara isiyomwongezea mama dawa wala maumivu. Anayeambiwa kuwa itahakikisha mimba, hata hivyo, anadanganywa.

Hata kulala kitandani baada ya kupandikizwa hakusaidii. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wanawake waliolala dakika 10 na walioinuka mara moja. Waliolala hawakupata mimba zaidi, na waliojifungua walikuwa pungufu upande wao. Mama anayeambiwa afunge duka wiki mbili au aache kwenda gulioni ili kiinitete kisidondoke anapoteza kipato bila faida. Kazi nzito ya kubeba magunia inaweza kusubiri, lakini shughuli za kawaida haziondoi mimba.

Kwa nini zinaendelea kuuzwa?

Msomaji anaweza kuuliza: kama mambo ni hayo, mbona kuna wanawake wengi wanaoshuhudia kuwa dripu au sindano fulani ndiyo iliyowapa mtoto? Ushuhuda huo si uongo, ila haukamiliki. Mwanamke aliyeshindwa mara mbili, mara ya tatu akaongezewa dripu na mimba ikashika, ataitaja dripu. Ambaye mimba yake ilishika mara ya tatu bila dripu hana cha kutaja, na aliyepewa dripu akashindwa hukaa kimya.

Ni sawa na mkulima anayejaribu mbolea mpya kwenye shamba lake lote katika mwaka wa mvua nzuri. Akivuna magunia mengi ataisifu mbolea. Asipoacha mistari michache bila mbolea, hana njia ya kujua kama ni mbolea au ni mvua. Tafiti zilizotajwa hapo juu ndizo mistari iliyoachwa.

Upande wa kliniki nao una sababu zake. Daktari aliyekaa mbele ya mteja anayelia huona vigumu kusema kuwa dawa ya ziada hakuna. Na kliniki inayosema hivyo inaweza kumwona mteja akihamia ya jirani yenye orodha ndefu zaidi. Kwa hiyo si kila anayeuza nyongeza ni tapeli. Wengine wanaziamini, na wengine wanafuata soko.

Yenye uzito

Yapo mambo ambayo yanabadilisha matokeo kweli, na mengi yanatakiwa kufanywa kabla ya siku ya kupandikiza.

La kwanza ni mirija ya uzazi iliyoziba na kujaa maji. Maji hayo hurudi kwenye mfuko wa uzazi na kuharibu mazingira ya kiinitete. Tafiti zimeonyesha kuwa kuitoa au kuifunga mirija hiyo kwa upasuaji kabla ya kupandikiza huongeza mimba. Kwa eneo hili jambo hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa Afrika Kusini mwa Sahara maambukizi ya njia ya uzazi yalikuwa chanzo cha ugumba kuliko katika maeneo mengine ya dunia. Familia inayolipia dripu wakati mirija yenye maji haijaguswa inapanda mbegu kwenye bwawa.

La pili ni vivimbe na vinyama vinavyochomoza ndani ya mfuko wa uzazi. Vivimbe vilivyo nje ya mfuko mara nyingi vinaweza kuachwa, lakini vinavyoharibu umbo la ndani vinastahili kuondolewa kwanza. Ultrasaundi iliyofanywa vizuri huvionyesha vingi kati yake.

La tatu ni mwanamume. Katika takriban nusu ya wanandoa wasiopata mtoto, tatizo liko kwa mume au kwa wote wawili. Kipimo cha mbegu za kiume ni cha bei ndogo kikilinganishwa na vipimo vya mwanamke, tena hakina maumivu, lakini katika kaya nyingi ndicho hufanywa mwisho, baada ya mke kuzungushwa hospitali na kwa waganga kwa miaka. Mume anayekwepa kipimo hicho anaiingiza familia katika hasara mbili, ya fedha na ya umri wa mayai ya mkewe.

La nne ni afya ya jumla. Kisukari kisichodhibitiwa, matatizo ya tezi ya shingo, uzito uliopita kiasi na sigara, vyote hupunguza uwezekano wa mimba au huongeza kuharibika kwake. Kuvitibu hakuhitaji kliniki ya uzazi. Hospitali ya wilaya inaweza kuanza kazi hiyo.

La tano ni ufundi wa siku yenyewe. Kupandikiza huku daktari akiongozwa na ultrasaundi ya tumbo kumeonekana kuongeza mimba kuliko kupandikiza kwa kukisia. Mteja ana haki ya kuuliza kama kliniki hufanya hivyo, na kama gharama yake imo ndani ya bei ya kawaida.

Na kubwa kuliko yote ni muda. Ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kwamba wanandoa waliokaa mwaka mmoja bila kinga wala mimba waende kupimwa, na mwanamke aliyevuka miaka 35 asisubiri zaidi ya miezi sita. Miaka mitano ya kuzunguka na dawa zisizojulikana hailipwi na nyongeza yoyote.

Hesabu ya daftari

Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, si bei ya kliniki yoyote, lakini inaonyesha mahali fedha inapofanya kazi.

Tuseme mzunguko kamili wa matibabu ni Sh12 milioni. Kuyeyusha kiinitete kilichogandishwa na kukipandikiza baadaye ni Sh3 milioni. Orodha ya nyongeza nayo ni Sh3 milioni. Tuseme pia uwezekano wa kujifungua kwa kila kiinitete kinachopandikizwa ni asilimia 30. Familia ina Sh15 milioni.

Familia 100 zikinunua mzunguko pamoja na nyongeza zisizofanya kazi, familia 30 zitapata mtoto na fedha itakuwa imekwisha. Familia 100 nyingine zikikataa nyongeza na kutunza Sh3 milioni, 30 zitafanikiwa mara ya kwanza. Kati ya 70 zilizobaki, zile zenye kiinitete kilichogandishwa zitapandikizwa tena. Zote zikiwa nacho, 21 zaidi zitafanikiwa, na jumla itafika 51. Kwa gharama isiyozidi ile ile, familia 21 zimepata mtoto ambaye kwa njia ya kwanza asingekuwapo. Tena zile 30 za mwanzo zimebaki na Sh3 milioni za kulea.

Si kila familia itakuwa na kiinitete cha akiba, na kwa mwanamke mwenye umri mkubwa namba zote hushuka. Lakini mwelekeo haubadiliki. Katika hali ya ujuzi uliopo sasa, njia ya uhakika zaidi ya kuongeza uwezekano wa mimba kushika ni kuwa na uwezo wa kupandikiza tena. Nyongeza inayokula fedha ya mara ya pili inapunguza uwezekano huo.

Hesabu hiyo pia inajibu shauku ya kuweka viinitete viwili kwa mpigo ili kubana gharama. Viwili huongeza mimba kwa siku ile, lakini huleta pacha, na pacha huzaliwa mara nyingi kabla ya wakati. Siku za mtoto njiti hospitalini zinaweza kuizidi bei ya upandikizaji wa pili, achilia mbali hatari kwa uhai. Ubelgiji ililiona hilo mwaka 2003. Serikali yake ilikubali kulipia hadi mizunguko sita kwa kila mwanamke, kwa sharti la kupunguza idadi ya viinitete vinavyowekwa kwa mara moja, na sehemu ya fedha ilitarajiwa kurudi kutokana na kupungua kwa watoto njiti.

Maswali kabla ya kulipa

Uingereza, HFEA imekuwa ikisimamia kliniki tangu 1991, huchapisha matokeo yake, na huzipanga nyongeza kwa rangi kufuatana na uzito wa ushahidi. Mteja wa Afrika Mashariki hana kitabu cha namna hiyo cha kufungua. Hivyo analazimika kuuliza mwenyewe, na hakuna kosa katika kuuliza.

Swali la kwanza ni asilimia ya mafanikio inayotangazwa imehesabiwa vipi. Mfugaji wa kuku anajua kuwa mayai yaliyoonekana kuwa na uhai yalipopimwa kwa mwanga si sawa na vifaranga vilivyototolewa, na vilivyototolewa si sawa na vilivyofikisha wiki ya pili. Kliniki nayo inaweza kuhesabu vipimo vya damu vilivyoonyesha mimba, mimba zilizoonekana kwa ultrasaundi, au watoto waliozaliwa. Namba ya maana ni ya watoto waliozaliwa, kwa wanawake wa umri wa mteja, kwa kila mzunguko ulioanza.

La pili, bei iliyotajwa inajumuisha nini? Dawa za homoni, kugandisha, kuhifadhi kwa mwaka na kupandikiza mara ya pili viandikwe kimoja kimoja. La tatu, kwa kila nyongeza: ni utafiti gani wenye makundi mawili ulioonyesha kuwa inaongeza watoto wanaozaliwa, kwa mtu mwenye hali kama ya mteja? Daktari mwenye jibu atalitoa. La nne, je, mirija, mfuko wa uzazi na mbegu za mume vimepimwa vyote kabla ya kuanza? La tano, ni wakati gani kliniki itashauri kusimama?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa mteja na kwa muuzaji. Familia inafaa kulijibu nyumbani kabla ya kuuza chochote: ni kiasi gani kitatumika, ni mara ngapi watajaribu, na ni mali ipi haitaguswa. Shamba linalolisha kaya na ng'ombe anayelipa ada za watoto wa ndugu wanaolelewa humo si vitu vya kuweka mezani kwa ajili ya dripu.

Serikali nazo zina sehemu yake. Mwongozo wa WHO wa 2025 unazitaka nchi ziingize huduma za ugumba katika mipango ya kawaida ya afya. Hatua nafuu kuliko zote ziko mwanzoni mwa njia: kutibu mapema maambukizi yanayoziba mirija, kupima wanaume na wanawake kwa pamoja katika hospitali za wilaya, na kuzitaka kliniki zitangaze matokeo kwa kipimo kimoja. Hadi hayo yatakapofanyika, mkulima na mfanyabiashara anayeingia kliniki aingie kama anavyoingia sokoni, akijua anachohitaji, akiuliza bei ya kila kitu, na akiacha akiba ya kurudi tena.